Raspberry Pi haina skrini, sasa IP yake utaijuaje?

Kuna swali naletewa karibu kila wiki na vijana walionunua Raspberry Pi yao ya kwanza, na linakuja hivi hivi bila kubadilika: "mkuu, IP ya Raspberry Pi ni ngapi?" IP ni namba ya anwani ya kifaa kwenye mtandao, na mtu anaiuliza kama anavyouliza namba ya huduma kwa wateja, akiamini ipo moja ya watu wote. Na ubaya ni kwamba anajibiwa. Mmoja anamwambia weka 192.168.1.100, anaweka haikubali, mwingine anamwambia ya kwangu ni 192.168.0.14 jaribu hiyo, nayo haikubali, jioni ikifika kijana wa watu ameshaamini kauziwa mbovu. Kuna mmoja aliirudisha dukani ikiwa nzima kabisa akakubali kurudishiwa nusu ya hela yake, na hilo liliniuma sana, maana alikuwa amejichanga miezi mingi na kilichokosekana ni mtu wa kumkalisha chini dakika kumi amwambie IP inatoka wapi.

Tuanze na kifaa chenyewe kwa ambao hawakijui. Raspberry Pi ni kompyuta kamili yenye ukubwa wa kadi ya benki, ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 na watu wa Cambridge kule Uingereza, kwa bei ya dola 35, lengo likiwa watoto wajifunze kuandika programu. Ina prosesa, ina RAM, ina sehemu za kuchomeka USB na HDMI, mfumo wake unakaa kwenye memori kadi kama ya simu. Ila haiji na skrini wala kibodi. Unaweza kuchomeka vyako, lakini wengi hawachomeki kwasababu kazi yake ni ya kukaa kimya mahali, mtu anaiweka darini isimamie kamera, mwingine bandani ipime joto la vifaranga, mwingine shuleni ihifadhi vitabu na video ambazo wanafunzi wanazisoma bila bando. Ukitaka kuipa maelekezo unakaa na laptopu yako unaingia kwa kitu kinaitwa SSH, yaani njia ya kuandika amri kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao kana kwamba umekaa mbele yake.

SSH inataka anwani, yaani hiyo IP. Anwani ungeiona kirahisi kwenye skrini, na skrini ndio hamna. Hapo ndipo watu wanakwama.

Sasa chukulia mtandao wa nyumbani kwako ni gesti, na rauta ndio mapokezi. Mgeni akishuka kwenye basi hana namba ya chumba, hata ukimpigia simu njiani ukamuuliza uko chumba namba ngapi hawezi kukujibu. Anafika mapokezi anaonyesha kitambulisho, dada wa mapokezi anaangalia funguo zilizobaki, anampa chumba namba 14, anaandika kwenye daftari la wageni jina lake, namba ya kitambulisho, chumba na siku atakazokaa. Basi IP ndio hiyo namba ya chumba. Namba ya kitambulisho inaitwa MAC, hii imewekwa kiwandani na kawaida haibadiliki popote utakapokipeleka kifaa. Jina ni jina, na Raspberry Pi usipoibadilisha inajiita raspberrypi. Na huo utaratibu mzima wa kugawa vyumba unaitwa DHCP, ukiliona hilo neno kwenye setingi za rauta usiogope, ni mapokezi tu.

Ukishaelewa hapo lile swali la "IP ni ngapi" linaisha lenyewe. Kifaa hakijazaliwa na IP, kinapewa pale kinapofika, na aliyekipa anayo kwenye daftari. Mtu wa kumuuliza ni mwenye daftari, yaani rauta yako wewe, kwako wewe, leo. Mimi niliye mji mwingine nikikutajia namba nakuwa nakutajia chumba cha gesti ya kwetu.

Na chumba kina muda. Rauta nyingi zinagawa kwa masaa 24 hivi, nyingine zaidi nyingine pungufu, na muda ukifika nusu kifaa chenyewe kinaomba kuongezewa, ndio maana unaweza kukaa na namba ileile miezi miwili mpaka ukasahau kwamba ni ya kupewa. Halafu siku umeme unakatika mtaa mzima, unaporudi rauta za bei rahisi zinakuwa zimesahau daftari lote kwasababu zilikuwa zinaandika kwenye kumbukumbu inayofutika zikizima, vifaa vyote vinakimbilia mapokezi kwa pamoja, simu ya dogo inawahi chumba 14 na Pi yako inapewa 22. Mtu anaamka anasema jana ilikuwa inaingia leo imekufa. Haijakufa, imehamishwa chumba.

Kuna mkanganyiko mwingine mkubwa zaidi na huu unawapoteza hata watu waliosoma. Mtu anafungua tovuti ya kuangalia "IP yangu", anaona namba ndefu, anaichukua anajaribu kuingilia Pi yake. Haiwezi kukubali hata siku moja na sababu yake ni hii. Wale tuliosoma bweni tunakumbuka shule nzima ina sanduku la posta moja, barua zote zinakuja S.L.P. ya shule, halafu ofisini ndio zinagawiwa nani yuko bweni gani kitanda gani. Ile namba ya kwenye tovuti ndio S.L.P., dunia ya nje inaiona hiyo tu. Namba ya ndani ya Pi yako ni kitanda, nje haionekani. Na vitanda vinafanana shule zote, 192.168.1.14 ipo kwako, ipo kwa jirani, ipo kwa mamilioni ya watu duniani na hawagongani, kwasababu kila moja iko ndani ya uzio wake. Ilipangwa hivyo makusudi: anwani za mfumo huu wa zamani, unaoitwa IPv4, jumla yake ni kama bilioni 4.3 tu, zisingetosha kila simu na kila televisheni, kwahiyo miaka ya 1990 yakatengwa mafungu matatu ya matumizi ya ndani, yanayoanza na 192.168, yanayoanza na 10, na yale ya kuanzia 172.16 mpaka 172.31. IP ya Pi yako nyumbani itaanza na mojawapo ya hizo. Na kwa sisi tunaotumia laini za simu hata hiyo S.L.P. mara nyingi si yako peke yako, mtandao wa simu unaigawanya kwa wateja wengi kwa wakati mmoja.

Haya, sasa tuitafute. Mimi huwa naanza na jina kabla ya namba, maana ni rahisi kuliko vyote na wengi wanaliruka. Laptopu na Pi zikiwa kwenye waifai moja, fungua CMD au terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike ping raspberrypi.local. Hapa unachofanya ni kusimama katikati ya korido ya gesti unaita "raspberrypi yupo?" na mwenye jina anaitika mwenyewe kutoka chumbani, bila kupitia mapokezi kabisa. Ikiitika utaona namba yake hapo hapo kwenye majibu. Kama ni Windows na imekujibu linamba refu lenye herufi na nukta mbili mbili, hiyo ni anwani ya mfumo mpya wa IPv6, andika ping -4 raspberrypi.local utapata ile fupi. Na kusema kweli ikishaitika namba huihitaji tena, unaandika tu ssh, jina lako la mtumiaji, alama ya @ na raspberrypi.local, umeingia. Angalizo: kama mko wawili ndani ya mtandao mmoja wote mna Pi yenye jina hilohilo, ya pili itajiita raspberrypi-2, ndio yale ya kwenye warsha watu ishirini wanaingia kwenye kifaa cha mtu mmoja.

Jina likikataa, nenda kwenye daftari. Fungua brauza uandike anwani ya rauta, mara nyingi imebandikwa chini ya rauta yenyewe pamoja na paswedi ya kuingilia, kama stika imefutika basi kwenye laptopu ya Windows andika ipconfig, ile namba iliyoandikwa Default Gateway ndio rauta. Ukishaingia tafuta sehemu imeandikwa DHCP au vifaa vilivyounganishwa, utaona orodha yenye jina, MAC na IP. Jina likiwa linaonekana umemaliza. Lisipoonekana angalia MAC: namba sita za mwanzo, herufi zikiwemo, zinamtaja aliyetengeneza. Raspberry Pi za zamani mpaka ya 3 na zile Zero W zinaanza na B8:27:EB, nyingi za toleo la 4 zinaanza na DC:A6:32 au E4:5F:01, na matoleo ya karibuni utakuta D8:3A:DD au 2C:CF:67. Yaandike haya mahali, yatakusaidia miaka.

Kuna hali ambayo huna paswedi ya rauta, umepanga na waifai ni ya mwenye nyumba, sasa huwezi kuomba daftari la gesti ya watu. Hapo laptopu yako ina kadaftari kake kadogo, ka majirani iliowahi kuongea nao. Andika arp -a utaletewa. Tatizo lake ni kwamba inamjua tu yule iliyewahi kusalimiana naye, kama haijawahi kuongea na Pi haitakuwepo, na watu wengi wanaishia hapo wanasema haipo. Inabidi kwanza ugonge milango yote ndio uangalie tena. Wa kugonga milango ni programu inaitwa nmap, ipo tangu 1997 na ni ya bure, unaandika nmap -sn 192.168.1.0/24 ukibadilisha hizo namba tatu za mwanzo zifanane na za laptopu yako. Hiyo /24 mwishoni maana yake gonga korido nzima, kuanzia mlango wa 1 mpaka 254. Ndani ya sekunde chache unapata orodha ya walioitika. Kama walioitika ni wengi na huwatambui fanya hivi: gonga ukiwa umeichomoa Pi, andika orodha, ichomeke, subiri, gonga tena, aliyeongezeka ndio yeye. Ni njia ya kishamba lakini mi haijawahi kuniangusha.

Kwenye simu zipo programu za kazi hiyo hiyo, Fing ndio watu wengi wanaijua. Ila elewa kwamba simu za siku hizi haziruhusu programu kusoma MAC za majirani, kwahiyo unaweza kupata orodha ya namba tupu bila kuambiwa nani ametengenezwa na nani. Hapo tena ile mbinu ya kuchomoa na kuchomeka ndio inaokoa.

Na hapa nijibu hofu moja, watu wanauliza kama kuskani, yaani huku kugonga milango yote, ni udukuzi. Kwenye mtandao wako unahesabu vifaa vyako, hamna shida yoyote. Kwenye mtandao wa ofisi, chuo au hoteli omba ruhusa kwanza kwa wanaousimamia, Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya wana yao ya 2018, hakuna sababu ya kujitia kwenye maelezo marefu kwa ajili ya kitu ambacho mtu wa IT angekuangalizia kwa dakika mbili.

Sasa tuje kwa walio wengi, wale ambao hawana rauta kabisa, intaneti yao ni hotispoti ya simu. Hapa maelezo mengi ya wenzetu wa nje hayatufai kwasababu yanaanza na "ingia kwenye rauta yako". Simu ikiwasha hotispoti inakuwa ndio mapokezi, inagawa vyumba vile vile, ila daftari lake nyingine hazikuonyeshi. iPhone nyingi kwa mfano zitakuambia waliounganishwa ni wangapi tu. Faida yake ni kwamba gesti ya iPhone ni ndogo, namba zake zinaanza na 172.20.10 na wageni hawazidi kumi na kitu, kwahiyo ukiunganisha na laptopu kwenye hotispoti hiyohiyo ukaandika nmap -sn 172.20.10.0/28 unaipata kabla hujapepesa. Android nyingi zinaonyesha majina ya waliounganishwa, IP nyingine zinaonyesha nyingine hazionyeshi, na namba za mwanzo zinatofautiana, wewe angalia laptopu yako imepewa ngapi ndio utajua korido ya kugonga.

Ila njia ninayoipenda mimi kwa mtu wa hotispoti ni kugeuza mambo: iache simu iipe laptopu intaneti kwa waya wa USB, halafu laptopu ya Windows ndio iwashe hotispoti yake. Kwenye ukurasa uleule wa hotispoti Windows inakuandikia kila aliyeunganishwa, jina, IP na MAC, bila kuinstoli kitu chochote. Namba itaanza na 192.168.137. Nimewaonyesha watu njia hii walikuwa wamehangaika siku tatu.

Kitu kimoja cha kuangalia sana kwenye hotispoti ni masafa. Waifai ina 2.4 GHz na 5 GHz, na Pi Zero W, Zero 2 W na ile 3B ya kawaida zinasikia 2.4 peke yake. Hotispoti yako ikiwa inarusha 5, Pi haioni kitu kabisa, utagonga milango mpaka usiku. Kwenye Android na Windows unachagua 2.4 kwenye setingi, kwenye iPhone kuanzia ya 12 kuna sehemu imeandikwa Maximize Compatibility, iwashe.

Na hapa ndio nataka kukaa kidogo, maana uzoefu wangu ni kwamba ukikosa IP baada ya haya yote, mara nyingi mgeni hajafika gesti kabisa. Tunatafuta chumba cha mtu ambaye bado yuko stendi. Kwanza mpe muda, ikiwaka mara ya kwanza inajipanga yenyewe na kuitanua memori kadi, dakika tatu mpaka tano usiiguse. Angalia taa ya kijani, ikipepesa pepesa inasoma kadi, ikiwaka nyekundu tu bila kijani hata kidogo basi kadi haijasomeka, rudi ukaiandike upya.

Pili, na hili ndilo limemaliza watu, mafundisho ya zamani. Video za 2018 zinakuambia weka faili linaitwa wpa_supplicant.conf kwenye kadi, jina la mtumiaji ni pi na paswedi ni raspberry. Haya yote yamekufa. Tangu mwishoni mwa 2016 SSH inakuja ikiwa imefungwa, unaifungua mwenyewe. Tangu Aprili 2022 yule mtumiaji pi hayupo tena mpaka umtengeneze. Na toleo la mfumo linaloitwa Bookworm lililotoka 2023 halilijali lile faili la waifai hata ukiliweka. Mtu anafuata video hatua kwa hatua kwa uaminifu kabisa na haiwezi kukubali, halafu anajiona yeye ndio hana akili. Akili anayo, video imepitwa na wakati. Tumia Raspberry Pi Imager, programu rasmi ya kuandika kadi, kabla haijaandika inakuuliza jina la mashine, mtumiaji, paswedi, waifai na SSH, jaza vyote hapo. Jina la waifai liandike kama lilivyo, herufi kubwa na ndogo, na nchi chagua TZ au KE au uliko, maana kuna toleo ambazo redio ya waifai inabaki imefungwa mpaka nchi ijulikane.

Tatu, gesti nyingine zina sheria wageni wasitembeleane vyumbani. Waifai za hosteli, za hoteli, na ule mtandao wa wageni kwenye rauta nyingi ziko hivyo, Pi imepata IP vizuri, laptopu imepata IP vizuri, na haziruhusiwi kuongea. Hapo hamna amri itakayosaidia, hama mtandao.

Ukiona IP inayoanza na 169.254 kwenye laptopu yako, mara nyingi baada ya kuunganisha waya wa mtandao moja kwa moja kutoka laptopu kwenda Pi, maana yake laptopu iliita mapokezi hakuna aliyejibu ikajipa namba yenyewe. Washa kushea intaneti upande wa Windows kwenye ule waya, laptopu itakuwa mapokezi na Pi itapewa chumba.

Kama vyote vimeshindikana azima TV ya sebuleni na kibodi ya USB kwa dakika tano, ingia, andika hostname -I, namba hiyo hapo. Kumbuka tu kwamba Pi 4 na 5 zinatumia HDMI ndogo ya micro na Zero inatumia mini, waya wa kawaida wa king'amuzi hauingii.

Ukishaipata usikubali kuitafuta tena kesho. Watu wengi wanakimbilia kuandika IP ya kudumu ndani ya Pi yenyewe, mi siwashauri, ni sawa na mgeni kujichagulia chumba bila kuwaambia mapokezi, siku moja mapokezi watamgawia mwingine chumba hichohicho na wote wawili watakosa usingizi. Rudi kwenye rauta, sehemu hiyohiyo ya DHCP kuna mahali pa kuweka akiba, unaandika MAC ya Pi na namba unayotaka, kuanzia hapo umeme ukatike urudi mara mia itapewa chumba chake. Na kama rauta si yako basi ipe jina la kwake peke yake pale kwenye Imager. Ile ya bandani kwa shemeji yangu tuliiita vifaranga, rauta yake imeshabadilishwa mara mbili tangu tuifunge, na mpaka leo akitaka kuangalia joto anaandika vifaranga.local, IP yake haijui na hajawahi kuiuliza.